Kilalo cha Basoda

Mvua ikipiga juu milimani na mto ukakata barabara, watu wa huku hukaa chini. Dereva wa Fuso anazima injini, akina mama wanafunua vikapu vya nyanya vipate upepo, na vijana wenye mabega mapana wanapandisha bei ya kumvusha mtu mgongoni. Katika kukaa huko, hapa Kamanyola, mashariki mwa Kongo, mazungumzo huishia palepale: serikali itujengee kilalo, yaani daraja, cha kweli. Uliza kilalo cha kweli ni kipi, utajibiwa upesi kwamba ni cha beto, yaani zege. Na kile cha vyuma vya kuunganisha? Aa, kile ni cha basoda, yaani askari, ni cha muda tu.

Kauli hiyo nimeisikia kwa wachuuzi, kwa walimu, hata kwa watu wenye shahada za uhandisi. Ni kauli mbovu, na tumeilipia kwa mazao yaliyooza ukingoni mwa maji.

Inachekesha zaidi kuisikia ikisemwa Kamanyola. Mji huu ulijulikana kwa ajili ya basoda na daraja. Mapigano ya 1964 dhidi ya waasi, Rais Mobutu aliyageuza kuwa hadithi ya ushujaa wake mwenyewe. Divisheni ya jeshi ikaitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, huu unaoitwa Stade des Martyrs tangu 1997, ulifunguliwa ukiwa na jina la Kamanyola. Sifa zilikwenda Kinshasa, na mkulima wa bonde la Ruzizi akaachiwa magogo mawili juu ya kijito.

Nakubali kwamba daraja la vyuma lilizaliwa vitani. Mwingereza Donald Bailey alilibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: fremu za chuma za mita tatu hivi, kila moja ikiwa na kilo zisizofika 300, ili wanaume sita waibebe mikononi. Unaziunganisha kwa pini, unaweka vigurudumu ukingoni, halafu unalisukuma daraja zima juu ya mto, pua yake ikitangulia hewani na uzito wa nyuma ukiizuia isiinamie majini, hadi iguse ng'ambo. Hakuna winchi kubwa, hakuna mtu anayesimama ndani ya maji. Basoda walifanya hivyo usiku, adui akiwa karibu. Ndiyo maana jina la basoda likaliganda.

Lakini daraja la aina hiyo linalouzwa leo kwa ajili ya barabara za raia halikutengenezwa livukwe na vifaru wiki mbili kisha lifumuliwe. Chuma chake huchovywa katika zinki inayoyeyuka, nacho kutu hukisogelea polepole sana huku kwetu kusiko na chumvi ya bahari. Sakafu yake huwa ya chuma, si ya mbao. Hata zile Bailey kuukuu, Office des Routes, shirika la serikali la barabara, imezitandika nchi nzima kwa jina la "provisoire", yaani la muda, na wasafiri wengi wa Kongo wamevuka juu ya vyuma vilivyowekwa kabla wao hawajazaliwa. Daraja linalomzidi msafiri umri, wa muda ni nani hapo?

Kinachowadanganya watu ni kwamba wameziona zikianguka. Ni kweli zinaanguka. Lakini ukienda kuangalia mabaki, mara nyingi utakuta mambo yaleyale: kamio, yaani lori, iliyobeba mara mbili ya uzito ulioandikwa kwenye kibao, au kibao chenyewe hakipo, mbao za sakafu zimegeuka kuni, bolti zimeng'olewa zikauzwa kwa kilo, ama maji yamechimbua ukuta wa ukingoni daraja likabaki limekalia hewa. Fremu yenyewe mara nyingi haikuwa na kosa.

Na hapa ndipo jina linapoua. Mhandisi akishaandika "la muda" kwenye karatasi, kuta za ukingoni zinajengwa kwa mawe ya kupangwa na magunia ya udongo. Ya nini kupoteza simenti? Matengenezo hayaombewi pesa, kwa sababu nani anatengeneza kitu cha muda? FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, ipo tangu 2008, na kila anayenunua lita ya mafuta anaichangia. Lakini daraja lisilo na mahali kwenye orodha ya madaraja ya kudumu litapata wapi ndoo ya grisi na bolti za akiba? Linaachwa, linakufa, kisha tunasema: si mmeona? Tulisema ni la muda.

Sasa tuitazame beto tunayoisujudia. Simenti ikitoka Bukavu inashushwa kwenye makorongo ya Ngomo, barabara ambayo magari mengi yalizoea kuikwepa yakizunguka Rwanda na kutokea Bugarama. Mchanga unachotwa mtoni pamoja na matope yake. Mbao za kumiminia zinasimamishwa ndani ya mto unaoweza kufura kabla beto haijamaliza siku zake 28 za kukomaa. Ubora wote unategemea fundi aliyekuwa zamu siku hiyo, na kama alihesabu ndoo za maji au alikadiria kwa jicho. Kipande cha chuma kinapimwa kiwandani. Kikiwa kibovu kinarudishwa. Beto mbovu hairudishwi popote. Na tusidhani "la kudumu" ni kinga: daraja la Sigiri kule Budalangi, Kenya, lilijengwa liwe la kudumu, nalo lilianguka Juni 2017 kabla halijamalizika, muda mfupi baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulikagua.

Mito yetu nayo ina tabia zake. Kati ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika ardhi inashuka karibu mita 700, na vijito vya upande wetu vinaporomoka kutoka safu ya Mitumba vikibeba mawe na miti mizima. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia Uvira ukabomoa nyumba na madaraja. Mei 2023, huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilizikwa na matope, watu zaidi ya 400 wakafa. Kwenye mto wa namna hiyo, nguzo katikati ya maji ni mtego: gogo la kwanza linanasa, la pili linalalia la kwanza, na baada ya saa moja umejijengea bwawa. Sakafu ya beto ya kawaida inaruka mita kumi hivi kabla ya kudai nguzo au mihimili mikubwa. Vyuma vinaruka mita 30, 40, hata zaidi, kwa mruko mmoja, kuta zikiwa zimerudishwa nyuma ambako maji hayafiki. Hoja nyingine zote unaweza kunibishia. Hii sioni utaijibu vipi.

Wanaokubali chuma nao wana ujinga wao, nisiwaache. Wanasema barabara hii inapitwa na magari matano kwa siku, basi tununue daraja jepesi. Magari machache si magari mepesi! Katika hayo matano, moja ni kamio ya bia au ya simenti, na daraja linavunjwa na gari moja, halivunjwi na hesabu ya mwezi. Uchache wa magari unakuruhusu kupunguza upana: njia moja inatosha, anayekuja asubiri anayetoka. Uwezo wa kubeba haupunguzwi hata kidogo.

Sisemi vyuma kila mahali. Kwa kijito cha mita tano, fanyeni kama wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, Tanzania, ambako TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na Wabelgiji wa Enabel wamejenga madaraja ya upinde kwa mawe ya palepale na mafundi wa palepale. Hayahitaji nondo, na hakuna bolti ya kuiba. Na barabara kubwa ya Bukavu hadi Uvira, iliyozoea makamio mengi, ina hesabu zake. Mimi nazungumzia vivuko vya katikati, vile ambavyo mchele na mihogo hupitia ili kufika kwenye hiyo barabara kubwa, na ambavyo vimeahidiwa beto katika kila uchaguzi. Jiwe la msingi linapendeza kwenye picha. Vyuma vinavyomalizika ndani ya wiki chache havimpi mheshimiwa nafasi ya kurudi kuzindua mara tatu.

Kwa hiyo, ndugu mhandisi, popote ulipo na yeyote anayekulipa mshahara leo, futa neno "provisoire" kwenye karatasi zako. Pesa uliyotaka kuimwaga katika beto ya juu, iweke kwenye kuta mbili za ukingoni, ndani kabisa, hadi kwenye mwamba. Na kabla ya kuagiza hata pini moja, kaa na wazee wa kijiji, wakuonyeshe kwenye shina la mwembe maji yalipofika mwaka ule mbaya kuliko yote. Pima kuanzia hapo. Mvua zinaanza tena Septemba.