Likasi: masomo ya bure yasiishie kwenye mlango wa shule

Mama mmoja muuza makala wa komuni ya Kikula aliniuliza swali juma lililopita, nikakosa la kumjibu: « Sasa baba, kama masomo ni ya bure, ile pesa ya simenti wananiomba ni ya nini? » Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani asubuhi ile.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, serikali ilianza kuitumikisha. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani wakarudi kwenye kalasi. Ni jambo jema, na asitokee mtu wa kuturudisha nyuma.

Lakini « prime » ya wazazi ndiyo iliyokuwa ikilisha mwalimu na kununua chaki. Ilipoondolewa, pengo halikuzibwa lote. Bado kuna walimu wanaoitwa N.P., wasiolipwa, ambao kila siku wanafundisha wakingoja majina yao yaingie kwenye listi ya mishahara. Direkta naye amebanwa: akiomba pesa, anavunja sheria, asipoomba, shule inakwama.

Wazee wa Likasi wanakumbuka wakati Gécamines ilipokuwa ikisomesha watoto wa wafanyakazi wake. Kampuni ilianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi karibu 10.000 waliondoka katika ule mpango ulioitwa « départs volontaires ». Tangu hapo mzigo wa shule ulimwangukia mzazi.

Wako wanaosema: wazazi watoe kidogo tu. Sikubaliani nao. Hiyo « kidogo » haina mwisho. Leo ni simenti, kesho ni mitihani, kesho kutwa ni madawati. Na anayefukuzwa ni yule yule, mtoto wa maskini.

Tena pesa zipo. Kodi ya madini, ile wanayoita « redevance », sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaigawa hivi: asilimia 25 kwa jimbo, na asilimia 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo madini yanachimbwa. Zaidi ya hiyo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Malori ya madini yanapita Likasi mchana na usiku. Ni haki yetu kuuliza ni madawati mangapi yametoka humo.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, meya na gavana watangaze kila mwaka pesa za madini zilizoingia na sehemu iliyokwenda kwenye shule. La pili, kila shule ya serikali, hata zile zinazoongozwa na makanisa, ibandike mlangoni karatasi inayoonyesha pesa za matumizi zilizotoka serikalini, namna zilivyotumika, na hesabu ya walimu ambao hawajalipwa. Komite ya wazazi itie sahihi.

Karatasi haijengi kalasi. Lakini itamwonyesha mzazi mlango wa kubisha: wa direkta, wa meya au wa Kinshasa. Leo kila mmoja anamtuma kwa mwenzake.

Mama wa Kikula bado anangoja jibu. Hotuba amekwisha kusikia nyingi. Tumwonyeshe ile karatasi, na mtoto wake aachwe asome.