Anayezimia Mbioni Apelekwe kwa Daktari

TAREHE 5 Januari, 1988, Pete Maravich, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa Marekani, alianguka na kufariki dunia katika mchezo wa kirafiki mjini Pasadena, California. Alikuwa na umri wa miaka 40, naye alikwisha kucheza ligi kuu ya nchi hiyo kwa misimu 10. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alizaliwa bila mshipa wa kushoto wa kuulisha moyo.

Kwa kawaida moyo hulishwa na mishipa miwili ya koronari, ambayo huchipuka kwenye shina la aota, kila mmoja upande wake. Wapo watu wachache ambao mshipa mmoja huchipuka mahali pasipo pake. Wengi wao huishi bila taabu yoyote. Hatari kubwa ni pale mshipa wa kushoto unapochipuka upande wa kulia, kisha ukapenya kati ya aota na mshipa mkuu uendao mapafuni. Kijana akitulia, damu hupita. Akikimbia kwa nguvu, mlango wa mshipa huo, ambao aghalabu ni mwembamba kama ufa, hubanwa. Msuli wa moyo hukosa damu wakati ule ule unapoihitaji zaidi, mapigo huvurugika, naye huanguka.

Linalotutia wasiwasi ni kwamba vipimo vya kawaida haviioni kasoro hii. Mwaka 2000 wataalamu wa Italia na Marekani walichapisha habari za vijana wanamichezo 27 waliokufa kwa sababu yake, 25 kati yao wakiwa katikati ya michezo au mazoezi makali. Tisa walikuwa wamepimwa umeme wa moyo kabla ya kufa, na wote tisa walionekana wazima. Lakini kati ya 12 ambao habari zao za nyuma zilipatikana, 10 walikuwa wamekwisha kupata dalili kama kuzimia au maumivu ya kifua.

Dalili hizo huonwa kwanza na mwalimu, si daktari. Katika shule zetu mtoto akianguka mchakamchakani husemwa kuwa anatega, au ana mashetani, au hakunywa uji. Mara nyingi, kwa kweli, hakunywa uji. Wala hatumtaki mwalimu ageuke daktari. Tunamtaka atofautishe mambo mawili tu. Anayezimia baada ya kusimama mstarini juani kwa muda mrefu, mara nyingi hana ugonjwa wa moyo. Anayezimia katikati ya mbio, au anayeshika kifua akikimbia, hapana budi asimamishwe michezo mpaka aonwe na daktari, na barua ya mwalimu itamke wazi kwamba alianguka akikimbia.

Maneno hayo mawili, "alianguka akikimbia", yana uzito mkubwa. Daktari asiyeyapata atapima malaria na kumrudisha mtoto shuleni. Aliyeyapata ataomba ultrasaundi ya moyo, na mpimaji atatafuta kwa makusudi mahali mishipa inapochipukia. Ikibaki shaka, picha ya CT huonyesha njia yote ya mshipa. Mshipa wa kushoto unaopita njia hiyo ya hatari hutibiwa kwa upasuaji: hufunguliwa pale ulipojificha ndani ya ukuta wa aota, au huhamishiwa mahali pake. Kuhusu mshipa wa kulia usioleta dalili, madaktari wenyewe hawajaafikiana, na wengi huona afadhali kumfuatilia mgonjwa.

Wapo watakaodai kila mwanafunzi apimwe kwa mashine. Hatuafiki. Wapimaji ni wachache, na wagonjwa wanaowasubiri ni wengi. Fomu ya afya ya timu za UMISSETA iwe na maswali mawili: je, umewahi kuzimia au kuumwa kifua ukicheza? Je, katika ukoo wenu yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana? Kuuliza hakugharimu kitu. Kinachogharimu ni safari ya mtoto wa kijijini hadi hospitali ya kanda, au hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na mzazi mkulima hawezi kuachiwa peke yake mzigo huo. Wakurugenzi wa halmashauri wanaotenga fedha za jezi na posho za mashindano wanaweza kutenga na nauli hiyo katika bajeti ile ile.