Kixhosa Tunakipenda, Lugha ya Jirani Tunaizima

BUNIA – Leo sileti habari ya bei ya unga wala ya barabara. Leo nina lawama, na inaanza kwetu sisi watu wa redio.

Jumamosi moja usiku nilipitisha wimbo wa Miriam Makeba, ule wa Kixhosa wenye kualisha ulimi. Simu ziliita: “Ndugu, rudilia ule wimbo!” Hakuna hata mmoja aliyeuliza maana yake.

Jumamosi iliyofuata nikapitisha vijana wanne wa kambini. Waliimba jazi kwa sauti tupu, bila gitaa: ubeti mmoja kwa Kilendu, mmoja kwa Kihema, mmoja kwa Kialuru, kiitikio kwa Kiswahili. Ubeti wa pili haujaisha, simu zikaanza: “Zima! Hiyo ni siasa.” Kesho yake mkubwa wangu wa kazi akasema: “Waimbe Kifaransa ao Lingala, la sivyo wasirudi.”

Nauliza: nani alisikia tusi katika wimbo ule? Ulisema juu ya shamba la mihogo lililobaki bila mtu wa kulivuna. Ni hayo tu.

Wengine wanasema jazi ni ya Kiingereza, vijana wetu wanaiharibu. Si kweli. Jazi ilizaliwa New Orleans, Marekani, kati ya watu weusi ambao babu zao walinyang'anywa lugha zao utumwani. Mwaka 1926 Louis Armstrong alirekodi “Heebie Jeebies”, na ndani yake akaimba milio isiyo maneno ya lugha yoyote. Dunia ikamfuata. Mwaka 1960 alifika kwetu, Léopoldville na Elisabethville. Kule Léopoldville watu walimbeba juu ya kiti kama mfalme. Wangapi kati yao walijua Kiingereza?

Johannesburg, kundi la Manhattan Brothers lilichukua uimbaji huo wa Marekani na kuutia Kizulu na Kixhosa. Na hapa Kongo, Joseph Kabasele aliita kundi lake African Jazz, mwaka 1953. Mwaka 1960, kule Bruxelles, walitoa “Indépendance Cha Cha”: mdundo wa Cuba, maneno ya Lingala. Afrika iliucheza wimbo huo, hata mahali ambapo watu hawajui neno moja la Lingala. Kama wale wangeambiwa “imbeni Kifaransa ao nyamazeni”, leo tungejivunia nini?

Na huyu Makeba munayeniomba kila Jumamosi, munajua habari yake? Mwaka 1960 alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, serikali ya wabaguzi ikamfungia mlango. Mwaka 1963 alisema kweli mbele ya Umoja wa Mataifa, nyimbo zake zikakatazwa kwao. Alirudi nyumbani mwaka 1990. Miaka 30 hivi alikuwa mkimbizi mwenye kuimba lugha ya kwao. Basi tunampenda mkimbizi wa mbali, na huyu aliye mlangoni petu tunamfunga mdomo!

Najua jibu: “Ituri si Johannesburg, hapa wimbo unaweza kuleta vita.” Silidharau neno hilo. Mwaka 1994, redio RTLM ya Rwanda ilieneza sumu ya chuki, kwa Kinyarwanda na hata kwa Kifaransa. Lakini tusikie vizuri: sumu ilikuwa katika ujumbe. Kifaransa hakikuisafisha. Basi tuchunguze ujumbe. Tuite watu wawili wenye kujua lugha, wasikilize wimbo, watueleze. Wimbo wa chuki tuukatae, hata ukiwa wa Lingala tamu. Wimbo wa mihogo tuuache upite. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.

Tena sheria iko wazi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha kwanza, inataja Kifaransa na lugha nne za taifa, kisha inasema lugha zingine za nchi ni urithi wa Kongo ambao serikali inapaswa kuulinda. Kilendu, Kihema na Kialuru vimo humo.

Mama mhami aliacha nyumba, mbuzi na makaburi ya wazee wake. Lugha ndiyo mzigo pekee ambao hakuna aliyemnyang'anya njiani. Sisi wa redio tusiwe wa kwanza.

Nimewaomba wakubwa wangu vijana wale warudi hewani, na mimi nieleze kila ubeti kwa Kiswahili kabla haujaimbwa. Jibu bado. Wakikubali, na ninyi pigeni simu, hata za hasira. Lakini kwanza sikilizeni wimbo mpaka mwisho.