Tusipande Miti Kila Kilima

Mvua zinapoanza, parokia nyingi za Nyanda za Juu Kusini huandaa siku ya kupanda miti. Tunalipenda zoezi hilo. Ila tuna neno kuhusu mahali miche inapokwenda, na neno lenyewe linamhusu ndege mmoja mdogo.

Ni mbayuwayu wa bluu, yule mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu. Huzaliana kwenye milima ya nyasi, kuanzia huku kwetu hadi Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kiota chake cha tope na nyasi hukibandika chini ya ardhi, kwenye dari la shimo lililochimbwa na muhanga au lililotitia lenyewe. Karibu na Aprili huondoka kwenda Uganda na magharibi mwa Kenya, na Septemba hurudi. Wadudu huwakamata akiruka chini chini juu ya nyasi. Kilima kikijaa misindano, hana pa kuwinda wala pa kulelea makinda. Tayari amo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, na mashamba ya miti ni mojawapo ya sababu.

Tatizo letu ni kuona kilima kisicho na miti na kukiita pori tupu. Sehemu kubwa ya Kitulo ni nyasi, si msitu, lakini wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa hasa kwa ajili ya maua yake. Maji ya Ruaha Mkuu huanzia huko. Nje ya hifadhi, nyasi hazina mlinzi.

Mtu atasema misindano inasomesha watoto. Ni kweli, na hatumwambii mkulima aache. Tunasema juu ya ardhi ya Kanisa: ya parokia, ya mashirika, ya seminari. Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015), namba 39, alionya kuhusu mashamba ya miti ya aina moja yanayochukua nafasi ya misitu ya asili. Kwetu sisi, onyo hilo linafika hata kwenye nyasi.

Basi kabla ya kununua miche mwaka huu, kamati ya parokia ipande kilimani pamoja na mzee aliyechunga huko utotoni, awaonyeshe mashimo ya muhanga yalipo. Miche iende kwenye mashamba yaliyochoka na kuzunguka nyumba zetu.