Kamera Mpya Zenye Sura ya Kizee

Vijana wengi wa Kasongo na wa Kabambare wamekwisha kuona katika telefone zao picha ya kamera ndogo, nyeusi na rangi ya fedha, mithili ya zile walizovaa shingoni wasafiri wa zamani. Hudhani ni chombo cha babu kilichofufuliwa. Kumbe ni kipya kabisa, na bei yake ni ya kutisha.

Tumjue kwanza babu mwenyewe. Mwaka 1959 kampuni ya Olympus, huko Japani, ilitoa kamera ndogo iitwayo Pen, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani. Shabaha yake ilikuwa bei nafuu. Tena kila nafasi ya filamu iligawanywa sehemu mbili, hata filamu ya picha 36 ikatoa picha 72. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ikatoa kamera ya kidijitali yenye jina na sura ya yule babu. Fujifilm nao wakaanza kuuza X100 yao mwaka 2011. Ya sita katika ukoo huo, X100VI, ilitoka Februari 2024 kwa dola 1,599 huko Marekani, na wanunuzi wengi walingoja miezi. Babu alizaliwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Wajukuu wamekuwa wa matajiri!

Ndani yake hamna filamu. Nuru huangukia kibamba kinachoigeuza kuwa umeme, kisha tarakimu, nazo huwekwa katika kadi. Lakini juu yake lipo gurudumu lenye namba za muda, na penye lenzi ipo pete ya kupanua au kufinya tundu la nuru. Telefone kwa kawaida huamua yote yenyewe. Kamera hii humwachia mtu nafasi ya kusimama, kupima nuru na kuchagua. Twaona kwamba hilo ndilo lipendezalo, kuliko umbo la nje, ingawa umbo nalo, tusidanganyane, huvuta jicho.

Hata hivyo, uzuri mkubwa wa picha za kale haukuwa katika kamera. Ulikuwa katika karatasi. Huko Unguja, Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930, imehifadhi picha ambazo watu huenda kuzitazama hata leo. Kwetu je? Waliokimbilia porini wakati wa uasi wa 1964, na tena katika vita vilivyoanza 1998, walibeba watoto na chungu. Picha za arusi zikabaki nyumbani. Na leo, hata pasipo vita, telefone ikianguka mtoni, ubatizo wa watoto wote wa nyumba huzama pamoja nayo. Wala kamera ya bei ya kutisha haiponyi jambo hilo, maana kadi yake nayo hupotea.

Basi mpiga picha ajapo sikukuu, mzee wa nyumba amwombe karatasi, si kutumiwa katika telefone tu. Nyuma yake yaandikwe majina, mahali na mwaka, kwa penseli, bila kukandamiza, maana wino hupenya na kuchafua. Ihifadhiwe pakavu, mbali na moshi wa jikoni. Nakala ya pili apelekewe ndugu aliye Kindu au Bukavu.