MCHEZO WA VINYOYA SHULENI: NI NANI ANAYEKAA PEMBENI?

Wako walimu wanaodhani kwamba saa ya mazoezi ya viungo ni saa ya mwalimu kupumzika. Hutoa mpira mmoja, huwaachia watoto uwanja, kisha huketi kivulini kusahihisha madaftari. Wako na wengine ambao, mtihani ukikaribia, huifuta saa hiyo kabisa na kuijaza hesabu. Wote wawili wamesahau kwamba mwili wa mtoto hufundishwa kama akili yake inavyofundishwa, kwa mpango na kwa saburi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 yampasa kupata, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kuutumia mwili wake hata moyo uende mbio na pumzi iongezeke.

Mchezo mmoja ufaao sana kwa kazi hiyo ni badminton, yaani mchezo wa vinyoya. Maofisa wa Kiingereza waliucheza Poona, Bara Hindi, katika miaka ya 1870, nao ukapata jina lake kutokana na Badminton, nyumba kuu ya Duke wa Beaufort huko Uingereza. Uwanja wake ni mdogo, urefu meta 13.40 na upana meta 6.10. Kinyoya kinachopigwa badala ya mpira kina uzito wa gramu 5 hivi. Tena, kwa kuwa wavu huwatenga wachezaji, mtoto mdogo hasukumwi na mkubwa, na wasichana na wavulana waweza kucheza pamoja pasipo shida.

Lakini mchezo huu ukifundishwa vibaya hugeuka kuwa mchezo wa watu wanne. Mathalani, darasa lina watoto 40 na raketi 8. Mwalimu akifunga wavu mmoja na kuanzisha shindano, watoto 4 watacheza na 36 watatazama. Akisema, “Anayekosa atoke,” mambo yatakuwa mabaya zaidi, kwa maana atakayetoka kwanza ni yule mzito, au yule mwoga, ambaye ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wenzake wote. Mtoto huyo akiketishwa pembeni kila juma, hujifunza jambo moja tu, kwamba michezo si yake. Na fikira hiyo aghalabu hukua naye.

Mwalimu mwenye busara huligawa darasa hilo katika makundi matano ya watoto 8. Kundi la kwanza hushika raketi na kupigiana vinyoya wawili wawili. La pili hutupa vinyoya vikuukuu kwa mkono juu ya kamba, kwa sababu mwendo wa bega katika kutupa wafanana na ule wa kupiga juu ya kichwa. La tatu huruka kamba. La nne hukimbia kutoka katikati ya uwanja hadi pembe moja na kurudi, kisha pembe nyingine, hata pembe zote nne. La tano husimama kwa mguu mmoja na kupiga hatua ndefu za mbele, ili kuimarisha mapaja na magoti. Kila baada ya dakika 5 makundi hubadilishana. Katika kipindi cha dakika 40 kazi hiyo yachukua dakika 25, na zinazobaki zatosha kupasha mwili moto, kubadilishana mahali na kupumua. Kila mtoto ameshika raketi, na hakuna aliyeketi.

Katika kufundisha ustadi, jambo la kwanza ni mshiko. Mtoto aishike raketi kama anayempa mtu mkono, wala asiikaze. Vidole vikaze wakati wa kupiga tu. Apigapo kwa upande wa mgongo wa mkono, kidole gumba kikae bapa nyuma ya mpini. Jambo la pili ni miguu. Aendapo mbele, amalize kwa mguu wa upande ulioshika raketi, kisigino kitangulie kukanyaga, kisha arudi katikati upesi. Jambo la mwisho ni nguvu, lakini watoto wengi hutaka kuanzia hapo.

Mashindano yasikatazwe, ila mtoto ashindane kwanza na nafsi yake. Wawili wahesabu mara ngapi wamepigiana kinyoya kabla hakijaanguka. Wakifika 6 juma hili, watafute 8 juma lijalo. Vilevile wafundishwe kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, na kuzidisha kwa 4. Hapo hesabu iliyokuwa ikiiba saa ya mazoezi itakuwa imeingia uwanjani kwa heshima.

Shule isiyo na ukumbi haina udhuru. Upepo ndio adui mkubwa wa kinyoya. Kwa hiyo kipindi kiwekwe asubuhi kukiwa shwari, au kifanyike nyuma ya jengo linalokinga upepo. Kamba iliyofungwa kati ya miti miwili na kutundikwa vitambaa yatosha kuwa wavu. Hata Shirikisho la Badminton Duniani, katika mpango wake wa shule uitwao Shuttle Time, ulioanzishwa mwaka 2012, huwaanzishia watoto wadogo kwa kupiga puto, kwa kuwa puto huanguka polepole na jicho hupata nafasi ya kulifuata.

Wazazi na kamati za shule hupenda kuuliza, “Ni nani aliyeshinda?” Swali hilo lafaa siku ya mashindano. Katika siku nyingine zote za mwaka, yafaa wamwulize mwalimu, “Ni nani aliyekaa pembeni?” Akiweza kujibu kwamba hakuna, basi anaifanya kazi yake vyema.