Ufito wa Mvuvi Aliyeketi Majini



Mwanetu mmoja wa pwani, ambaye sasa anafanya kazi katika jimbo la Idaho, Marekani, ana swali. Anataka kuvua samaki aina ya trauti katika Henry's Lake akiwa ameketi ndani ya boya, naye amedunduliza fedha za kununua ufito. Auliza, achague upi? Swali limetufikia kwa mkono wa mama yake, naye mama akaongeza neno lake: "Mwambieni asije akazama." Tutayajibu yote mawili pamoja, maana fedha za kuyatatua ni zile zile.

Boya hilo ni kiti kilichozungukwa na mirija iliyojazwa upepo. Mvuvi huketi karibu sawa na uso wa maji, miguu ikining'inia chini, akajisukuma kinyumenyume kwa mapezi aliyoyavaa miguuni. Mikono hubaki huru kwa kazi ya uvuvi.

Uvuvi wenyewe si kama wa mshipi wetu. Sisi hufunga chubwi, na uzito wake ndio unaoipeleka ndoana mbali. Wao hutumia ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu, nayo haina uzito wa kutajika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Sharti kwanza uruke nyuma ya mvuvi ukanyooka hewani, ndipo arudishe mkono na kuupeleka mbele. Aliyesimama ufuoni hapati taabu. Aliyeketi kwenye boya yu chini mno, na mshipi wake ukishuka kidogo tu huko nyuma hupiga maji na kupoteza nguvu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni urefu. Ufito wa futi 9 ndio wanaoutumia wengi. Kwa mvuvi wa boya twashauri futi 9 na inchi 6, au futi 10, ili mshipi uinuke juu ya maji. Asizidishe hapo, kwani ufito mrefu huchosha kifundo cha mkono, na humpa taabu aliyeketi anapomvuta samaki karibu. Wavu wenye mpini mrefu utamfaa.

La pili ni namba. Kila ufito huandikwa namba ya mshipi unaoubeba, na viwili hivyo havina budi kulingana. Kwa trauti wa ziwani, namba 5 au 6 zatosha. Ziwa hilo liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tena mahali peupe penye upepo; basi sisi twampendelea namba 6.

La tatu ni mpindo. Kuna fito kakamavu zinazopinda nchani tu, na kuna zinazolegea mpaka katikati. Mvuvi wa boya mara nyingi huburura mshipi huku akipiga mapezi, na samaki humshtukia. Ufito mkakamavu kupita kiasi huweza kuukata uzi mwembamba wa mwisho. Achukue wa wastani.

Hapa twawageukia vijana wetu wa huku. Ufito huo wa namba 6 ni mwepisi kwa samaki wengi wa bahari. Wavuao baharini kwa njia hii huanzia namba 8 na kupanda. Na boya hilo lisitiwe katika mlango wa bahari wala mkondoni. Maji ya kupwa yakishika njia, mapezi ya miguuni hayatashindana nayo.

Sasa neno la mama. Dukani kuna fito za bei kubwa mno, na tofauti yake na ufito wa bei ya kadiri anayeanza hataihisi mkononi. Basi mwanetu anunue wa kadiri, na kinachobaki kiende kwenye jaketi la kuokolea maisha, tena alivae badala ya kulifunga pembeni. Achague boya lenye vyumba viwili vya upepo au zaidi, ili kimoja kikitoboka kingine kimshike. Maji ya huko ni baridi. Avae suruali isiyopitisha maji, na aikaze mshipi kiunoni ili isijae. Aanze kwa kuelekea unakotoka upepo, ili akichoka umrudishe alikoanzia. Wala asiende peke yake.

Ufito ukivunjika hununuliwa mwingine. Kwa hiyo, mwanetu, ukiingia dukani nunua jaketi kwanza, kisha uhesabu zilizobaki na ndizo ukachagulie ufito.

Wabillahi tawfiq.